Mzunguko wa maisha nje ya darasa: dhana potofu na ukweli

Dhana: Haragwe likichipua kwenye pamba, somo limekamilika.
Ukweli: Hapo watoto wameona mwanzo tu. Mche huo unaishi kwa akiba ya ghalambegu, yale mapande mawili mazito ya haragwe. Pamba haina virutubisho, hivyo akiba ikiisha mche hudhoofika na kufa, na mtoto hubaki akiamini kuwa mmea huishia hapo. Pandeni ardhini, tena aina fupi isiyotambaa: kina sentimita 3 hadi 5, mashimo yaachane sentimita 20. Udongo ukiwa na joto, miche huchomoza baada ya siku 5 hadi 10, na maganda hukauka baada ya miezi mitatu hivi. Ongezeni mbegu kumi za kufukuliwa, moja kila siku, ili watoto waone mzizi ukitangulia na shina likifuata. Mwishoni wahesabu mbegu zilizotoka kwenye mmea mmoja, kisha wazipande.

Mbegu nyingi za watoto huharibiwa na maji mengi. Yakijaza nafasi za hewa udongoni, mbegu hukosa oksijeni na kuoza. Mtoto achomeke kidole kwanza. Akikuta unyevu, asimwagilie.

Dhana: Mbegu haioti bila mwanga.
Ukweli: Haragwe huota gizani, mradi lipate maji, hewa na joto. Mwanga huhitajika majani yakishatoka.

Dhana: Kipepeo anayehangaika kutoka kwenye pupa, yaani ganda ambamo kiwavi hugeuka kipepeo, asaidiwe.
Ukweli: Asiguswe kabisa, na hapa wenye huruma ndio huharibu zaidi. Hutoka na mabawa yaliyokunjamana, akaning'inia na kusukuma majimaji ya mwili kwenye mishipa ya mabawa hadi yanyooke. Kukauka huchukua saa kadhaa. Akikosa mahali pa kuning'inia, mabawa hukauka yakiwa yamejikunja na hataruka maisha yake yote. Kiwavi naye hali jani lolote: aina nyingi hutegemea mimea michache tu, hivyo anaweza kufa njaa ndani ya chupa iliyojaa majani. Ni afadhali abaki kwenye mmea mlipomkuta, tawi lifunikwe kwa kitambaa cha chandarua kisichotiwa dawa. Viwavi wenye manyoya wasishikwe, huwasha.

Dhana: Kila mdudu hupitia hatua nne kama kipepeo: yai, kiwavi, pupa, mdudu mkubwa.
Ukweli: Panzi ana tatu: yai, tunutu, panzi mkubwa. Tunutu hufanana na mzazi, ila mabawa hayajakua, naye hujivua ngozi mara kadhaa. Ngozi hizo hupatikana nyasini; watoto wazitafute.

Dhana: Mkia wa kiluwiluwi wa chura hukatika.
Ukweli: Mwili huufyonza. Miguu ya nyuma huonekana kwanza, ya mbele baadaye, na mkia unapofupika mnyama huyu hali kitu, hulishwa na mkia wenyewe. Wakati huo mapafu yameshaanza kazi, hivyo bila jiwe la kupandia juu ya maji anaweza kuzama. Mkiwaweka kwenye beseni, tumieni maji ya dimbwi walimotoka, si ya bomba yenye klorini, kisha muwarudishe hukohuko. Penye dimbwi, mtu mzima akae karibu kiasi cha kumfikia mtoto kwa mkono.

Dhana: Mzunguko ni wa kiumbe yuleyule.
Ukweli: Watoto wakiona mzunguko umechorwa kama duara hudhani kipepeo mzee hurudi kuwa yai. Kinachozunguka ni vizazi, na wengi hufa njiani. Kwenye mchoro wao, waongeze mshale wa kifo unaotoka nje ya duara katika kila hatua, kuanzia yai.