Juneteenth si sikukuu ya habari zilizochelewa

Kila Juni maelezo huwa yale yale: Juneteenth ni siku utumwa ulipokwisha Marekani, na watumwa wa Texas walichelewa tu kupata habari. Sehemu ya kwanza si sahihi. Ya pili ni mbaya zaidi, maana inawafutia wahusika kosa lao.

Maana yenyewe ni fupi. Tarehe 19 Juni 1865, Jenerali Gordon Granger wa jeshi la Muungano, yaani la serikali ya Marekani iliyokuwa imepigana vita na majimbo ya Kusini yaliyoasi, alitoa Amri ya Jumla Namba 3 mjini Galveston, akatangaza kwamba watumwa wote wa Texas ni huru. Jina limetokana na mwezi na tarehe hiyo kuunganishwa kwa Kiingereza. Watu weusi wa Texas walianza kuiadhimisha mwaka uliofuata, ikawa mapumziko rasmi ya jimbo mwaka 1980 na ya taifa zima mwaka 2021.

Sasa hilo la kuchelewa. Rais Lincoln alitia saini Tangazo la Ukombozi, lililowatangaza huru watumwa wa majimbo yaliyoasi, tarehe 1 Januari 1863, karibu miaka miwili na nusu kabla. Watu wakishapiga hesabu hiyo, humuwazia tarishi aliyepotea njiani. Hakuna tarishi aliyepotea. Mabwana walijua fika. Vita ilipowakaribia, wenye mashamba wa Louisiana na Mississippi waliwahamishia watumwa wao Texas kwa maelfu, kwa kuwa huko jeshi la Muungano lilikuwa bado halijashika nchi. Mtu hakimbii jambo asilolijua. Tangazo lile lilifanya kazi pale tu palipokuwa na askari wa kulisimamia, na Texas askari hao walikuja baada ya majeshi ya Kusini ya upande huo kusalimu amri.

Wapo kweli ambao hawakuambiwa. Laura Smalley, aliyekuwa mtoto mtumwa huko Texas, alirekodiwa sauti mwaka 1941 akisimulia kwamba bwana wao alinyamaza, wakaendelea kumfanyia kazi miezi sita zaidi, ndipo akawaachia tarehe 19 Juni. Huyo bwana hakucheleweshewa habari na mtu. Alikaa nayo, akavuna jasho la watu ambao sheria ilishawatambua kuwa huru.

Na amri yenyewe isomwe yote, si mstari wa kwanza tu. Inataja usawa kamili wa haki za mtu na za mali kati ya waliokuwa mabwana na waliokuwa watumwa, maneno mazito kwa wakati ule. Papo hapo inawashauri walioachwa huru wabaki kwa utulivu walipo na wafanye kazi kwa ujira, tena inawaonya kwamba hawataruhusiwa kukusanyika kwenye vituo vya jeshi wala kulishwa wakikaa bure. Wengi hawakubaki. Waliondoka kuwatafuta wazazi, wake, waume na watoto waliokuwa wameuzwa mbali.

Kuhusu utumwa kwisha nchi nzima, Kentucky na Delaware zilikuwa bado na watumwa siku ile Granger anatangaza. Tangazo la Lincoln halikuzigusa kwa sababu hazikuwa zimeasi. Watumwa wa huko walisubiri Marekebisho ya 13 ya Katiba, yaliyoidhinishwa tarehe 6 Desemba 1865, nayo yakaacha mwanya wa kazi ya lazima kwa aliyehukumiwa kwa kosa la jinai.

Kwa hiyo tarehe 19 Juni haikuwekwa na sheria. Walioachwa huru Texas ndio walioichagua na kuitunza, kwa sala, chakula na kulisoma tena Tangazo mbele ya watu. Mwaka 1872, weusi wa Houston walichanga fedha wakanunua ekari 10 ili wawe na uwanja wao wa kuisherehekea, na bustani ile ipo hadi leo, inaitwa Emancipation Park.

Ukitaka kuieleza kwa ufupi, sema ni siku jeshi lilipotangaza na kuanza kusimamia uhuru wa watumwa wa Texas. Na badala ya kusema habari zilichelewa, sema uhuru wao ulizuiwa.