Kusambaza ujumbe si kupeleka msaada

Mafuriko yakitokea popote, simu yangu hujaa ujumbe uleule: “Waathirika hawana nguo, sambaza kwenye magrupu yote.” Nikiuliza umeandikwa lini, hakuna anayejua. Nikiuliza kituo gani cha waathirika, najibiwa, “Huko huko kwenye mafuriko.” Kazi yangu ni kukusanya na kupanga taarifa za maafa kwa mashirika ya misaada, na hakuna dhana inayonichosha kama hii ya kudhani kwamba ujumbe ukishawafikia wengi, msaada nao umefika.

Haujafika. Mahitaji ya kituo hubadilika kila siku. Mwanzoni watu wanataka maji safi, mablanketi na maturubai. Siku ya nne nguo zimejaa hadi hakuna pa kuziweka, huku zikikosekana taulo za kike, sufuria na dawa ya kutibu maji. Ule ujumbe wa siku ya kwanza, kwa kuwa hauna tarehe, bado unazunguka wiki ya pili. Niliwahi kushuhudia lori la mitumba likishusha mzigo kwenye kituo ambacho familia zake zilishahamishwa. Wenzetu waliotakiwa kugawa chakula wakashinda mchana kutwa wakipanga nguo. Aliyeleta lori alikuwa na moyo mzuri kabisa, na iliniuma kumweleza.

Tazama Haiti baada ya tetemeko la Januari 12, 2010. Watu walituma ujumbe mfupi bure kwenda namba 4636, wengi kwa Kikrioli. Wahaiti walioko ughaibuni waliutafsiri mmoja mmoja na, kwa sababu waliijua mitaa ya Port-au-Prince, wakaonyesha kila ujumbe unatoka wapi. Taarifa hizo zikaingia pia kwenye ramani ya Ushahidi, mfumo uliozaliwa Kenya mwaka 2008 wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi. Mwokoaji hawezi kuchimba kwenye “Haiti”. Anahitaji mtaa.

Kwa hiyo nasisitiza, na nitaendelea kusisitiza: ujumbe uwe na tarehe na saa, kijiji na kitongoji, jina la kituo, na namba ya ofisi inayopokea. Kikikosekana kimoja, usisambaze. Mpigie kwanza mtendaji wa kijiji. Usiandike “Hanang” peke yake. Hanang ni wilaya nzima ya mkoa wa Manyara, Tanzania, na maporomoko ya matope ya Desemba 3, 2023 yalipiga Katesh na vijiji kama Gendabi. Dereva atashusha wapi?

Kuna hoja nyingine ninazozisikia kila mara. “Mtandao ukikatika kazi inasimama.” Hapana. Fomu za KoboToolbox, zana ya kukusanya taarifa kwa simu, hujazwa bila bando na hukaa ndani ya simu hadi mtandao urudi. Kinachotukwamisha ni chaji, kwa hiyo mkichanga, nunueni betri za akiba.

“Ramani zipo tayari.” Za barabara kuu, labda. Mradi wa Ramani Huria ulipoanza Dar es Salaam mwaka 2015, wanafunzi na wakazi walitembea kwa miguu kuchora mitaro na vichochoro kwenye OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni ambayo yeyote anaweza kuichangia. Picha ya satelaiti haikuambii mtaro upi umeziba.

“Kila shirika likitangaza linachofanya, tumeratibu.” Matangazo hayaratibu. Tunahitaji jedwali moja la nani anafanya nini, wapi, na kila shirika lilijaze jioni ileile. Bila hilo kijiji kimoja kitapata magodoro mara mbili na jirani yake atalala chini.

“Pesa ya simu italiwa, bora tupeleke vitu.” Pesa iliyotumwa kwa M-Pesa huacha kumbukumbu ya nani alipokea, kiasi gani na saa ngapi. Gunia la mahindi linataka lori, dizeli, ghala na mlinzi. Lakini pesa inafaa palipo na cha kununua. Soko likiwa limesombwa, peleka vitu. Ndiyo maana afisa akipiga simu kutoka kijijini, huwa namuuliza kwanza kama duka la karibu limefunguliwa na lina unga.