Kumwita mtetezi hakumponzi mzee

Wengi wenye mzazi katika makao ya wazee Marekani huamini kwamba ukimwita mtetezi wa wakazi (ombudsman, anayeshughulikia malalamiko yao), makao yatamjua aliyelalamika na mzee atafukuzwa. Hofu hiyo inaeleweka. Mzee analala huko, wewe unarudi nyumbani.

Lakini tangu 1978 sheria ya shirikisho inataka kila jimbo liwe na watetezi hawa, na huduma yao ni bure. Mtetezi hatoi jina la mkazi bila ridhaa yake au ya mwakilishi wake wa kisheria. Kutoza faini si kazi yake, ni ya mamlaka za serikali zinazokagua makao. Yeye huketi kando ya kitanda, akamsikiliza mzee aliyebonyeza kengele asijibiwe, kisha huongea na uongozi mzee akikubali. Kulipiza kisasi ni marufuku.

Ukienda kumtembelea, tazama ukutani: makao ya uuguzi lazima yabandike namba ya mtetezi. Piga, uliza kwanza kuhusu usiri.