Reli ya Kati hakuijenga Mwingereza

Wengi tumekua tukisikia reli ya Dar hadi Kigoma ni ya Mwingereza (namaanisha ile ya zamani, ya upana wa mita 1, sio hii ya umeme), na ni rahisi kuamini hivyo maana yeye ndo alikaa nayo miaka mingi. Ila aliyeijenga ni Mjerumani: kazi ilianza Dar 1905, ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912, Kigoma 1914, yaani vita kuu inaanza reli ishafika ziwani. Mwingereza aliirithi, akaongeza tawi la Tabora kwenda Mwanza lililoisha 1928, nadhani hapo ndo watu wanachanganya. 1948 ikaunganishwa na reli za Kenya na Uganda, jumuiya ilipovunjika 1977 ikabaki ya serikali ya Tanzania, 2007 ikakodishwa kwa wawekezaji, baada ya miaka michache ikarudi serikalini.

Kucheki mwenyewe sio kazi. Linganisha tu miaka: Waingereza waliingia Dar 1916. Au chukua meli ya Liemba ya Kigoma, ililetwa kutoka Ujerumani ikiwa vipande vipande, ikapandishwa treni Dar, ikashushwa majini 1915, kwa reli hiyohiyo.