Kabla Hamjaita Kirikuu: Kumsogeza Mzazi Mstaafu Karibu na Wanawe

Sisi maofisa ustawi wa jamii tunapokea mashauri mengi ya wazee, na kuna moja linalojirudia. Watoto wamekaa kikao bila wazazi, wameafikiana, kisha wanakuja kutuuliza namna ya kumshawishi mzee. Nyumba iko Kimara au Chanika, hapa Dar es Salaam, ilijengwa kidogo kidogo miaka ya tisini kwa mshahara na mikopo ya kazini. Ina vyumba sita, vinne vimefungwa, na mchwa wameshaingia kwenye fremu za milango. Watoto wako Tabata, Kigamboni, Bunju. Mama magoti yanamsumbua, na siku ya kliniki mtoto anamaliza nusu ya siku kwenye foleni. Haja ya kuhama ipo, hatubishani nayo. Ila kikao kile kilipaswa kufanyika sebuleni kwa mzee, naye akiwa mwenyekiti.

Swali letu la kwanza kwa watoto huwaacha wakitazamana: baba anamsalimia nani kabla ya saa nne asubuhi? Wengi hawajui. Kumbe kuna wenzake wa kahawa, kuna Mangi wa dukani anayemwandikia deni bila kumuuliza, kuna msikiti anaoufikia kwa miguu. Mama ana jumuiya yake na kikoba chake, kikundi cha kuweka na kukopa. Na wapo majirani aliozika nao kwa miaka thelathini, ambao anajua wazi kwamba ndio watakaomzika. Hayo yote hayapandi kwenye kirikuu, kile kigari cha mizigo. Mzee ukimtoa hapo ukamweka fleti ya ghorofa ya tatu, kwa mtoto anayeondoka alfajiri na kurudi usiku, umemsogeza karibu na nyumba ya mtoto, si karibu na mtoto.

Kwa hiyo mnapotafuta pa kumhamishia, msihesabu vyumba kwanza. Tembeeni kwa mwendo wake, na fimbo yake kama anayo, kutoka getini hadi nyumba ya ibada, dukani, duka la dawa, na mahali wazee wengine wanapokaa jioni. Kama njiani kuna barabara kubwa ya kuvuka, tafuteni kwingine.

La pili ni nani atakaa na nani, na hapa heshima zetu zina uzito kuliko ramani ya mchoraji. Katika makabila mengi, baba mkwe na mke wa mwanawe hawashiriki choo, na mama mkwe hakai sebuleni akipishana na mkwewe aliyejifunga taulo. Watoto wa mjini huona ni mambo ya zamani. Mzazi hatasema kitu, lakini atakunywa maji kidogo ili asiende chooni mchana. Maji yakipungua mwilini mzee hupata kizunguzungu, naye mwenye kizunguzungu huanguka. Nyumba ndogo ya uani, chumba na sebule, yenye mlango wake, choo chake na jiko lake hata la kuchemshia chai tu, mara nyingi inamfaa kuliko chumba kizuri ndani ya nyumba kubwa. Kama uani hapatoshi, pangeni nyumba mtaa huohuo. Kodi ya miezi sita na pesa ya dalali zinauma, lakini ni nafuu kuliko kujenga kwa haraka mahali ambapo mzee hatapapenda.

Nyumba ya zamani msiiuze mwaka wa kwanza. Najua wapo watakaopinga, hasa yule mtoto ambaye tayari ana mteja. Mzee akihamia kwa majaribio huku akijua kwake bado kupo, huhama kwa moyo mwepesi, na akishindwa ana pa kurudi. Wakati huo nyumba inaweza kupangishwa ikaongezea pensheni. Fahamuni tu kwamba kwenye pango hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 10, inayokwenda serikalini. Tena kodi ya majengo tangu 2021 hukatwa kupitia LUKU, umeme wa kulipia kabla, hivyo elewaneni mapema na mpangaji, maana anayedaiwa ni mwenye nyumba na anayekatwa ni anayenunua umeme. Ugomvi wa hapo tumeusuluhisha mara nyingi kuliko nilivyotegemea nilipoanza kazi hii.

Na iwe kuuza au kupangisha, saini ya mzazi mmoja haitoshi. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamzuia mwanandoa kuuza, kutoa zawadi, kupangisha au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Mkifikia kuuza kweli, leteni mthamini, ulizeni Mamlaka ya Mapato (TRA) kuhusu kodi ya ongezeko la mtaji, yaani ya faida ya mauzo, kabla ya kusaini, na fedha ziingie akaunti ya mzazi. Si ya kaka mkubwa "kwa ajili ya usalama". Kadi ya benki, simu na namba ya siri vibaki kwa mwenyewe hata kama anasahau kidogo. Anayetaka kumsaidia aende naye benki.

Vitu sasa. Anzeni na chumba ambacho hakuna anayelala, chumba kimoja kila Jumamosi, mzee amekaa kwenye kiti anaonyesha kwa kidole. Mabati yaliyobaki, nondo na ndoo za rangi zilizokauka vitatoka bila vita, ingawa kila kimoja kitasemewa kwamba kingekuja kufaa. Kabati la vyombo, cherehani na sanduku la khanga ni habari nyingine. Hivyo agawe kwa mkono wake, akitaja hiki ni cha nani na kwa nini. Kutupa vitu vyake akiwa amelala ni kosa ambalo wazazi hulisimulia hadi msibani. Hati, vyeti, barua ya kustaafu na kadi ya bima viingie kwenye faili moja, nalo lisipande kirikuu. Libebwe mkononi.

Msihame wakati wa masika, Machi hadi Mei. Jangwani ikifurika, godoro litalala barabarani.

Kabla ya siku yenyewe, chukueni muhtasari wa matibabu hospitali anakotibiwa na dawa za presha au sukari za mwezi mzima. Mkifika, mpelekeni serikali ya mtaa ajitambulishe mwenyewe, na aonyeshwe dirisha la wazee kwenye hospitali iliyo jirani, iwe Amana, Temeke au Mwananyamala. Dirisha hilo ni la wazee, na Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60.

Usiku wa kwanza kitanda kielekee kule kilikoelekea nyumbani, upande uleule wa ukuta, maana saa nane za usiku miguu inafuata mazoea. Taa ya chooni iachwe inawaka, zulia liondolewe, chuma cha kushikilia kiwe kimeshafungwa na fundi. Na Jumamosi ya kwanza mrudisheni Kimara akanywe kahawa na wenzake.