Uwanja wa mazoezi ya helikopta na masikio ya majirani

Kazi yangu ni kuwafundisha marubani wa helikopta jijini Nairobi, na zaidi ya mara moja nimepewa jukumu la kutafuta uwanja wa mazoezi nje ya jiji. Wengi hudhani kwamba kinachotafutwa ni ardhi tambarare isiyopitiwa na nyaya za umeme. Ardhi ya namna hiyo hupatikana kwa siku mbili. Kinachochukua miezi ni kujua sauti ya helikopta itaangukia wapi, saa ngapi, na juu ya nani.

Swali la kwanza ninaloulizwa ni kwa nini tusibaki Wilson. Uwanja huo una shughuli nyingi sana za ndege ndogo, na umezungukwa na makazi ya South C, Lang'ata na Kibera, huku upande wa kusini kukiwa na Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946. Mwanafunzi anayejifunza kuelea mahali pamoja, huku helikopta ikimyumbia kama mtumbwi usio na mzigo, hawezi kufanya hivyo kwa saa nzima katikati ya msongamano huo. Tena kuna suala la mwinuko. Wilson upo karibu mita 1,690 juu ya usawa wa bahari, na siku yenye joto la nyuzi 25 hewa yake huwa nyepesi kana kwamba tuko kwenye futi 8,000 hivi, karibu mita 2,400. Helikopta ndogo ya injini ya pistoni, ikiwa imebeba watu wazima wawili na mafuta, hubakiwa na akiba ndogo ya nguvu katika hali hiyo.

Kwa hesabu ya injini peke yake, ningewahamishia wanafunzi wote Magadi. Kule mwinuko ni mita 600 hivi, na hata joto likifika nyuzi 35, hewa hufanana na ya futi 5,000 tu, yaani mita 1,500 hivi. Lakini kufika huko ni karibu nusu saa ya kuruka, na kurudi ni nusu saa nyingine, ambayo mwanafunzi atailipia bila kujifunza jambo jipya. Ziwa lenyewe lina heroe, yaani flamingo, na kundi la ndege hao likishtuka mbele ya helikopta, hatari ni yao na yetu pia. Ndiyo maana macho yangu hurudi kila mara kwenye nyanda za Kajiado, kati ya jiji na Bonde la Ufa, ambako ardhi inafaa na ambako, kinyume na wanavyofikiri watu wa jijini, wanaishi watu.

Kabla ya kuzungumza na watu hao, ni lazima tuielewe sauti yenyewe. Helikopta nyingi za mafunzo zina rota kuu yenye mapanga mawili. Robinson R22 huizungusha rota hiyo takriban mara 510 kwa dakika, na kwa hiyo kila sekunde panga hukata hewa mara 17. R44, ambayo rota yake ni kubwa zaidi na huzunguka polepole zaidi, hupiga mara 13 au 14. Mapigo ya kiwango hicho ni ya chini mno kwa sikio kuyasikia kama mlio, ila huandamana na milio ya juu zaidi ambayo sikio hulisikia dundo lake vizuri, na nyumba huyasikia yote. Vioo hutikisika, na mabati yasiyopigiliwa sawasawa huanza kuimba. Mtu aliye ndani ya nyumba hiyo hulalamikia jambo ambalo mtu aliye nje na kifaa cha kupimia hatalinasa, hasa ikiwa kifaa kimewekwa katika mizani ya kawaida inayopunguza uzito wa sauti nzito.

Sauti mbaya kuliko zote hutokea helikopta inaposhuka kwa mteremko wa wastani ili itue. Wakati huo, kila panga hukutana na kimbunga kidogo kilichoachwa hewani na ncha ya panga lililotangulia, na mgongano huo hutoa mlipuko mfupi unaojirudia, kama mtu anayekung'uta mkeka mzito kwa fimbo. Rubani anaweza kuupunguza kwa kushuka kwa pembe kali zaidi au kwa kubadilisha mwendo, na huo ni ujuzi unaofundishika. Tatizo ni kwamba mwanafunzi bado hajaupata, na anatua mara nyingi kuliko rubani yeyote wa biashara.

Hapo ndipo cheti cha kelele kinapopotosha watu. Helikopta nyepesi, zisizozidi kilo 3,175, hupewa cheti kwa utaratibu wa Kiambatisho cha 16 cha Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, sura ya 11, ambapo helikopta hupimwa ikipita mita 150 juu ya maikrofoni. Hakuna anayeipima ikielea, wala ikishuka, wala ikirudia saketi ileile, yaani mzunguko wa kupaa, kuzunguka uwanja na kutua tena, kwa mara ya kumi na mbili. Kwa maneno mengine, cheti kinapima kitu ambacho mwanafunzi wangu hukifanya kwa nadra. Nimewahi kumwona mwekezaji akikipunga cheti hicho katika baraza la chifu kana kwamba ni hati ya kuwanyamazisha wazee, na sikumlaumu mzee aliyeuliza kama karatasi hiyo ilikuwa imelala kijijini kwao hata usiku mmoja.

Umbali husaidia, ingawa si kwa kasi ambayo watu huitegemea. Kila umbali unapoongezeka maradufu, sauti hupungua takriban desibeli 6. Ukitoka mita 150 hadi mita 2,400, umeongeza maradufu mara nne, nawe umepata desibeli 24. Hiyo ni tofauti kubwa. Lakini alfajiri, wakati hewa iliyo karibu na ardhi ni baridi kuliko ile ya juu, sauti hupindishwa kurudi chini badala ya kupotelea angani, na kilomita mbili huwa kama nusu yake. Sisi walimu tunaipenda alfajiri kwa sababu hewa ni nzito na imetulia. Saa ileile inayomfaa mwanafunzi ndiyo inayomuumiza jirani kuliko zote, na sijaona uwanja wowote uliolifuta gongano hilo.

Upepo nao una mtego wake. Kaskazi na kusi zote hutoka upande wa mashariki, kwa hiyo katika nyanda hizi sauti husukumwa kuelekea magharibi kwa sehemu kubwa ya mwaka. Mtu asiyerusha helikopta atashauri kwamba uwanja uwekwe magharibi ya kijiji ili upepo uipeleke sauti mbali nacho. Ushauri huo unasahau kwamba helikopta hupaa ikiukabili upepo, na kwa hiyo itapaa moja kwa moja kuelekea kijiji hicho ikiwa na nguvu zote za injini. Mimi hutafuta eneo ambalo makazi yako ubavuni mwa njia ya kupaa na kutua, yaani kaskazini au kusini yake, kisha saketi yote hupangwa upande wa pili. Masharti hayo peke yake huondoa maeneo mengi yaliyoonekana mazuri kwenye ramani.

Kuhusu ramani nina kosa langu mwenyewe la kukiri. Eneo la kwanza nililolipendekeza nililichagua kwa picha za setilaiti zilizopigwa wakati wa kiangazi, nikahesabu maboma machache sana, nikaandika kwamba eneo ni tupu. Mvua za masika ziliponyesha, wafugaji walirudi na mifugo yao kama walivyofanya tangu zamani, na bwawa nililolichukulia kuwa alama nzuri ya kugeuzia saketi likawa mahali pa kunyweshea ng'ombe wa familia nyingi. Wahenga walisema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Za helikopta zinamzuia, nimeshuhudia. Tulilifuta eneo lile, na tangu hapo siandiki neno lolote juu ya mahali kabla ya kupaona katika misimu yote miwili.

Sheria inadai ushirikishwaji wa umma. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na tathmini ya athari kwa mazingira hupitia NEMA, mamlaka ya taifa ya usimamizi wa mazingira. Ninaheshimu utaratibu huo, ila naona ripoti nyingi hutegemea mno wastani wa sauti wa siku nzima. Saketi moja huchukua dakika tano hivi. Saa nne za mafunzo ni karibu safari 48 juu ya paa lilelile. Ukizigawa safari hizo katika saa zote za mchana utapata namba ya upole, lakini mama anayejaribu kumlaza mtoto hukutana na safari moja moja, si wastani wake.

Ndiyo maana, kabla ya ripoti, huomba ruhusa ya kufanya mazoezi ya majaribio kwa helikopta ileile itakayotumika, ikiwa na watu wawili ndani, saa moja asubuhi, ikishuka vibaya kama mwanafunzi anavyoshuka. Sipendi watu wakusanyike uwanjani kutazama, kwa maana helikopta ikitazamwa ni tamasha. Naomba kila mtu abaki nyumbani kwake, zizini au darasani, kisha tuonane mchana. Maswali yanayokuja baada ya hapo huwa ya maana: mwalimu huuliza kuhusu wiki za KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, mfugaji huuliza kuhusu ng'ombe wanaokaribia kuzaa, na karibu wote huuliza ni siku gani hatutaruka kabisa.

Katika eneo tunalolitumia sasa, jibu la swali hilo liliandikwa kabla ya mkataba wa ardhi. Haturuki Jumapili, wala kabla ya saa mbili asubuhi, wala wakati wa mitihani ya taifa. Mazoezi ya kuelea hufanyika katika sehemu tatu kwa zamu, ili boma moja lisibebe mzigo wa wiki nzima. Kuna daftari kwa mzee wa kijiji ambamo yeyote huandika siku na saa iliyomkera, nami hulilinganisha kila mwezi na kumbukumbu za safari zetu. Mwezi uliopita lilikuwa na malalamiko manne, matatu kati yake ya siku moja ambayo upepo uligeuka na mwalimu mwenzangu akaendelea na saketi ya kawaida. Sasa soksi ya upepo ikielekea kijijini, mazoezi ya kuelea yanasitishwa, na mwanafunzi halipishwi kwa muda huo.