Eti mawazo ya biashara ni kazi ya mabosi? Tuongee ukweli

Bosi anaitisha kikao anasema "leteni mawazo ya biashara mpya", mwezi unaisha kimya, anaanza kulalamika wafanyakazi wa siku hizi hawana ubunifu. Wanao bana, tena mengi, ila kuna vitu tumeviamini vinatuharibia.

Dhana: mawazo yanatoka kwa wenye digrii na watu wa masoko

Ukweli ni kwamba anayemuona mteja akigeuka na kuondoka mikono mitupu ni dada wa kaunta, sio meneja aliyejifungia kwenye kiyoyozi. Cheki McDonald's. Lou Groen alikuwa na tawi lao pale Cincinnati, Marekani, akawa anaona kila Ijumaa biashara inapoa kabisa maana mtaa ule ulijaa Wakatoliki na enzi hizo Ijumaa hawagusi nyama, basi 1962 akaja na baga ya samaki. Mkubwa wao Ray Kroc naye alikuwa na ya kwake, ya kipande cha nanasi badala ya nyama (nanasi jamani!), wakakubaliana zote mbili ziuzwe siku moja, Ijumaa Kuu, tuone. Inasimuliwa ya samaki ziliuzwa 350 na ya nanasi 6. Najua Groen alikuwa mwenye tawi, sio muajiriwa, ila ndo hivyo, aliyekaa karibu na mteja alimbwaga aliyekaa juu.

Dhana: ukishatundika sanduku la maoni umemaliza

Hapa nina kidonda. Kuna kampuni ya usambazaji nilifanya kazi zamani, sanduku lilikuwa pale mlangoni na kufuli lake kubwa, miaka 2 hakuna aliyelifungua. Siku tunahama ofisi ikabidi livunjwe maana funguo hakuna anayejua ilipo, ndani tukakuta karatasi 11, maganda ya pipi na risiti ya chipsi. Karatasi moja ni ya dereva wetu, kaandika wenye maduka ya Kibaha mpaka Chalinze wanaomba tuwapelekee mzigo kidogo kidogo hata nusu katoni, sisi tulikuwa tunakataa chini ya katoni 10. Tunaisoma hiyo karatasi wakati washindani wetu walishaichukua ile ruti yote, na wanapeleka hiyohiyo nusu katoni.

Ukweli: sanduku halijibu mtu. Toyota walianza mfumo wao wa mapendekezo 1951, na wala hawakuubuni wao, mabosi wao Eiji Toyoda na Shoichi Saito walikwenda kwenye viwanda vya Ford Marekani mwaka 1950 wakaukuta huko wakauiga. Kilichoufanya ukae mpaka leo ni kwamba msimamizi wa karibu ana wajibu wa kukaa na mtu wake, walichambue lile wazo, walijaribu, na jibu lirudi hata kama ni hapana. Mtu akiambiwa hapana na sababu akapewa, kesho ataleta lingine. Akikaliwa kimya haleti tena, na wenzake wanajifunza kwake.

Dhana: wazo lazima liwe zito

Hapana. Jaribio la M-Pesa Kenya 2005 lilikuwa la watu kulipa mikopo midogo kwa simu, basi. Waliokuwa wanalisimamia wakaona watu wanatumiana hela wao kwa wao, na 2007 huduma ikazinduliwa kama ya kutuma pesa nyumbani. Hakuna aliyeota ndoto usiku, waliangalia tu watu wanafanya nini.

Dhana: siku moja mfagizi atakuja na wazo litakalotutajirisha

Hii wanaipenda sana wale wa motivesheni, stori ya Richard Montañez, mfanya usafi wa Frito-Lay, kampuni ya vitafunwa ya Marekani, anayesema ndiye aliyebuni Cheetos za pilipili, vile vitafunwa vya mahindi vya pakiti. Gazeti la Los Angeles Times likachimba 2021, likaeleza kuwa bidhaa ile ilianzia kwa wafanyakazi wengine. Yeye anashikilia stori yake, na kweli alipanda kutoka ufagizi mpaka ubosi, hilo hakuna anayebisha. Ila ukikaa unamsubiri shujaa mmoja unawaruka wengi wenye vipande: huyu kaona, yule anajua bei ya kununulia, mwingine ana ndugu mwenye gari.

Na kumuuliza mtu "una wazo gani?" ni kumtisha tu, hasa mlinzi au kijana wa stoo. Mimi kwenye kistationari changu nimeweka daftari kaunta, yeyote aliyepo zamu, akiwemo anayefagia, anaandika kitu mteja kaulizia tukamwambia hatuna. Mwezi uliopita picha za pasipoti zimeandikwa mara 14. Kamera nishanunua, bado kitambaa cha bluu cha kuweka nyuma.